Mama Mkwe Benchi la Mbele

Mieleka ilipoletwa Mbinga, mjukuu wangu alikuwa amebakiza wiki chache aoe. Wakwe wa kijiji cha Mapera walishatukubali. Mimi niliyemlea ndiye niliyekwenda kumshikia nguo nyuma ya pazia alipokwenda kupigana, maana nilijua siku ile nitarudi na mtu au na maiti.

Walichezea kwenye ghala la ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuifuata kahawa huko huko barabarani, ghala lilibaki la panya. Ulingo waliujenga kwa magunia yaliyoshindiliwa maganda ya kahawa, na pazia nalo ni magunia. Nikaingia na chupa yangu ya mafuta ya kumchua, nikaganda mlangoni. Mjukuu wangu na lile jitu la Songea, ambalo gari la matangazo lilisema linakuja kumvunja shingo, wanakula ugali na dagaa sahani moja.

"Shikamoo bibi," jitu likasema, tonge mdomoni.

"Marahaba. Si wewe uliyekuja kumuua mume wangu?"

"Ndiyo mimi. Ngoja kwanza tumalize kula."

Wakacheka. Halafu wakaanza kupangana mbele yangu bila haya. Jitu litamkaba, litamzungusha, litamtupa nje ya kamba upande wa kushoto, aangukie watu wa benchi la mbele, basi ameshindwa.

Wiki nzima nimesali rozari, kumbe wenzangu wanagawana dagaa.

"Kwa hiyo mnawadanganya watu?"

"Bibi, kwaya ikifanya mazoezi inamdanganya Mungu?" mjukuu wangu akasema.

Wakatoka kwenda ulingoni. Nikachungulia kwenye tundu la gunia, na hapo ndipo nilipokaribia kuanguka. Benchi la mbele, upande wa kushoto, amekaa mama mzazi wa bibi harusi. Mwenye mchezo, aliyeileta mieleka ile, alimwona mtu mzima kasimama kwenye msongamano, akampa nafasi ya heshima.

Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hata mkono hampi, wakikutana njiani anampisha. Na huyu wangu kavaa kaptula inayoishia juu ya paja, mwili mzima mafuta, anakwenda kumwangukia mapajani Mbinga nzima ikitazama. Ndoa ingefia pale pale.

Nikamkimbilia mwenye mchezo. "Baba, mwondoe yule mama."

"Bibi, nimemkalisha kwa heshima, nimwinue kwa aibu?"

Niliporudi kwenye pazia, jitu lilikuwa limeshamkaba. Uso wa mjukuu wangu ulipogeukia kwangu, nikafunua gunia nikamwonyesha benchi kwa kidevu. Akatazama. Macho yakamtoka, akaikumbatia kamba kwa mikono miwili.

"Ruka," jitu likanong'ona. Nilikuwa karibu, nilisikia. "Ruka wewe, unaniharibia."

"Siruki. Yule pale mama mkwe wangu."

Jitu likageuza shingo. Likamwona mama wa watu kajifunika kitenge uso mzima, jicho moja tu liko nje. Songea nako watu wana wakwe. Likapiga ukelele kama limechomwa, likajirusha lenyewe upande wa kulia, likatua juu ya kreti za soda. Lilipoinuka bega linachuruzika damu, na damu ile hakuna aliyeipanga.

Mwenye mchezo akaja nyuma ya pazia anafoka. Jitu ndilo lilitakiwa liende Mbamba Bay likiwa bingwa, na mabango yalishabandikwa. Mimi nalifunga bega kwa khanga yangu. Liliniambia tu, "Bibi, usikaze sana."

Nje nikamkuta mama mkwe ananisubiri, kitenge bado kichwani.

"Mkwe," akasema polepole, kama mtu aliyeona mzimu, "kijana wenu ana nguvu za kutisha. Kamrusha mwenzake hata hajamgusa."

Nikamwambia ndivyo alivyo, tangu mdogo.