Jina la Shingoni

"Shangazi, kama gauni umelitunga wewe, mbona shingoni limeandikwa jina la Bwana Pressman?"

Roslyn alikuwa na miaka sita, amesimama juu ya kiti jikoni kwao Bronx, anapimwa gauni la mtu mzima lililopunguzwa limtoshe. Shangazi yake, Verna Hochman, alikuwa na pini nane mdomoni, na mwenye pini mdomoni hajibu hata akiulizwa na rabi. Lakini swali lile lilimchoma kuliko pini.

Verna alitunga mavazi ya wanawake ya michezo na mapumziko katika kampuni ya Bwana Pressman, Barabara ya Saba, mtaa wa washonaji wa New York. Mtunzi, kwa maneno ya Bwana Pressman, alikuwa Bwana Pressman. Utunzi wake ulikuwa kupanda meli kwenda Paris mara mbili kwa mwaka, kuchungulia maonyesho ya wenzake, na kurudi na michoro ya wizi aliyoichora kwenye mkono wa shati lake. Magauni yaliyozaliwa na mkono huo wa shati yalikuwa na vyuma vya kubana kiuno na vifungo thelathini mgongoni. Aliyeyavaa alisimama vizuri sana. Kukaa lilikuwa suala jingine.

Vita vya Pili vya Dunia vikafunga njia ya Paris, na kipaji cha Bwana Pressman kikaisha wiki ileile.

Verna akaenda kwa mtengeneza magodoro, akanunua kitambaa kile kigumu cha mistari ya buluu. Akakata gauni bila karatasi ya kukatia, moja kwa moja mwilini mwake. Likafungwa kwa mbele, kwa kulabu za shaba kama za koti la zimamoto, na likawa na mifuko miwili ya kumeza mkono mpaka kifundo.

Bwana Pressman alilizunguka kama anayechagua jeneza.

"Verna, wateja wangu hawajifungi vifungo. Wana watumishi."

"Watumishi wamekwenda kiwandani, wanaunda ndege za vita."

"Na mifuko? Mwanamke ana nini cha kutia mfukoni?"

"Mkono."

"Mwanamke mwenye mkono mfukoni anaonekana kama anangoja basi."

"Si ndiyo anangoja basi, Bwana Pressman. Petroli siku hizi ni ya mgao, kwa kadi."

Akaamuru gauni lisioneshwe kwa wanunuzi. Verna akatii, halikuoneshwa. Alilivaa kwenda kazini.

Siku ya onyesho, wanunuzi wa maduka makubwa walikaa kwenye viti vya dhahabu, na wanamitindo wakapita na magauni yaleyale yaliyochorwa kwenye mkono wa shati, kila mmoja akipumua kwa zamu. Mmoja pindo likamfumuka. Verna akapiga goti, akatoa mfukoni mkasi, uzi, chaki na nusu ya sandwichi ya nyama ya chumvi, akashona, akainuka bila kushikwa mkono.

Bi. Tuttle, mnunuzi kutoka Chicago, akaacha kupiga miayo, akamgeukia Bwana Pressman. "Lile namba ngapi, Lou?"

"Lipi?"

"La godoro."

"Lile? La mfanyakazi wetu tu."

"Sikuuliza la nani. Nataka mia sita. Na mifuko ibaki. Ukiifanya ya mapambo nakurudishia yote."

Papo hapo Bwana Pressman akakumbuka kwamba wazo lilikuwa lake. Shida moja: karatasi ya kukatia haikuwepo. Vipimo vyote vilikuwa kichwani mwa Verna.

"Nitaichora," Verna alisema. "Ila jina langu lishonwe kwenye gauni."

"Shingo ni ya Pressman, tangu enzi za marehemu baba."

"Baki na shingo. Nipe kokote kwingine."

"Kokote, mradi lisionekane."

"Halitaonekana."

Bwana Pressman akatia sahihi mkataba huku akicheka, na saa ya chakula akawasimulia wenzake pale barabarani jinsi alivyomnyamazisha mwanamke kwa kipande cha utepe.

Magodoro yakazaa magauni ya jinzi, na jinzi ikazaa mavazi ya kuogelea ya sufu nyepesi, yote na mifuko. Majarida yakamwita Bwana Pressman mkombozi wa kiuno cha mwanamke. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingiza kidole kwenye mfuko hata mmoja.

Miaka kumi ikapita. Roslyn, sasa msichana wa sekondari, akaingia jikoni kwa shangazi yake amevaa gauni jipya la dukani, amenuna.

"Nimeangalia shingoni, Shangazi. Bado ni yeye."

Safari hii Verna hakuwa na pini mdomoni.

"Jina la shingoni mvaaji halioni mpaka avue gauni," alisema. "Tia mkono mfukoni, mwanangu, uugeuze nje."