Shimo Lililo Chini ya Chumba cha Jirani

Nilizama hadi kifuani, ndoo ya maji ya kuogea bado mkononi. Ua wetu huu wa Timbwani nimeufagia tangu nilipoletwa bibi harusi, na adhuhuri ile ulikatika chini ya miguu yangu kama biskuti iliyolowa chai. Harufu sisemi. Iliyonitisha ni hewa ya mle ndani: ukiivuta kidogo tu kichwa kinakuwa chepesi, usingizi unakubembeleza. Aliyeniokoa ni mpangaji wa jirani, binti mwenye mtoto wa kunyonya. Aling'oa kamba ya kuanikia nguo, akanirushia, akakaza mguu ukutani.

"Mama, usifumbe macho! Nitukane, lakini usifumbe!"

Nikamtukana, Mungu anisamehe. Nilitoka na mguu uliovunjika, na mpaka leo unanipeleka upande.

Walionitia mle nawajua.

Nyumba yetu ni nyumba bila ardhi, kama nyingi za huku. Kuta na mabati ni yetu, mchanga ni wa mwenye shamba. Huyo sijamwona, namjua msimamizi wake, anayekuja kuchukua kodi ya ardhi. Shimo la choo alilijenga marehemu mume wangu, lina sehemu mbili chini kwa chini na mfuniko mmoja. Kila masika yakiisha alifungua, akatumbukiza ufito kuona tope limefika wapi. Likipanda, anaita lori la kunyonya kabla halijatuumbua. Matambara na nepi chooni, marufuku. Wageni aliwaambia hata salamu hazijaisha. Nilikuwa namcheka.

Alipofariki, msimamizi akamkatia jirani kipande cha ua wetu ajenge vyumba vya kupangisha. Ukuta ukakaa juu ya mfuniko.

"Hapo chini pana shimo," nikamwambia msimamizi. "Litafunguliwa vipi?"

"Bi mkubwa, nyumba ni yako. Ardhi si yako. Hapo ni ardhi."

Jirani akacheka. "Shimo kubwa hilo, litajaa sisi tushazeeka."

Na huyohuyo akaunganisha choo cha wapangaji wake kwenye shimo letu.

Choo kilipoanza kurudisha maji niliita lori. Dereva akazunguka na bomba lake, akagonga ukuta, akaniangalia. "Mama, bomba langu si jini, lipenye ukutani." Akaenda zake. Nikaomba nitoboe mfuniko mwingine upande wangu. Msimamizi akasema ardhi haichimbwi bila idhini ya mwenyewe. Nikaomba idhini. Kila nikiuliza naambiwa inshallah, na huku mvuke unakula zege kwa chini na nondo zinaoza, mpaka nikalikanyaga mimi.

Nilipotoka hospitali nilimwendea msimamizi na magongo yangu. Wallahi hakuona haya.

"Shimo ni la nyumba," akasema. "Shimo ni lako. Ungelitunza."

Tangu hapo situlii. Nazunguka uani na mchi wa kinu, nagonga chini kabla ya kukanyaga, nasikiliza. Upande ulioanguka lori lilinyonya, nikauzungushia mabati. Lakini zege la upande wa pili lilimwagwa siku moja na hili, kwa nondo zilezile, na liko chini ya chumba cha yule binti. Nikigonga kizingiti chake, sauti inarudi kama ya mtungi mtupu.

"Mama, nawe hupumziki?"

"Hama, mwanangu."

"Nihamie wapi?"

Mtoto wake ameanza kutambaa. Namsikia akipiga sakafu kwa viganja, na mimi huku nje nasikiliza sauti inayorudi.

Kusoma sikusoma sana, lakini hili nalielewa. Nilipotaka kulifungua, shimo lilikuwa la ardhi. Liliponimeza, likawa langu. Wewe msimamizi, wewe jirani, na huyo mwenye shamba asiyeonekana: chumba kile kikishuka na mtoto ndani, shimo litakuwa la nani? Njooni mbomoe ukuta huo, na mnijibu mbele ya mama yake, sakafu ikiwa bado imeshika.