Sufuria Iliyorudi Imejaa

Kwetu Fizi, huko Kongo, mgeni aliyeleta chakula kwenye sherehe hakukitua tu mezani na kwenda kukaa. Alifunua sufuria mbele ya watu, akachota tonge la kwanza, akala, akameza wakimwona. Ndipo wengine waliponyoosha mikono. Ilikuwa adabu ya zamani, lakini vita vilipoingia, uvumi wa sumu uliingia navyo, na adabu ikawa sheria. Asiyeonja chake ana lake jambo.

Tulikimbia na adabu hiyo mpaka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Mama alikuwa hodari wa sombe, kisamvu cha kwetu. Hapakuwa na ubatizo wala matanga kambini bila kinu chake kusikika. Ila Kichewa, lugha ya wenyeji, kilimshinda kabisa. Mimi, binti wa miaka kumi na mitatu, ndiye niliyekuwa mdomo wake sokoni na zahanatini, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilijiona naijua Malawi kuliko waliozaliwa humo.

Basi shoga yake, mwanamke waliyevuka naye ziwa siku ya kukimbia, akabatiza mtoto. Alikuwa amehamia mjini Lilongwe, mtaa wa Area 49, ambako mume wake alishona nguo. Mama alitwanga majani ya muhogo siku nzima, akamimina mawese aliyoyaficha miezi chini ya kitanda, akatia usipa, dagaa wa Malawi, badala ya ndakala wetu. Tuliifunga sufuria kwa kitenge, nikaipakata njia nzima garini.

Tulipofika niliwakuta wasichana wa jirani, Wamalawi wa rika langu, wamevaa viatu vizuri. Mama mmoja wa kwetu alikuwa ndiyo kwanza anafunua maharage yake na kuonja. Wasichana wakanong'onezana kwa Kichewa kwamba mgeni huyu ana njaa, hakungoja hata sala. Wakacheka. Uso uliniwaka, nikamvuta Mama pembeni.

"Mama, leo usionje. Huku ni aibu. Batu ba muji batatucheka."

Akaniangalia kidogo. "We njo mwenye unajua ya hapa," akasema.

Akaitua sufuria mezani, akaifunua, akaenda kukaa.

Wakongo wenzetu waliifikia sombe na sahani zao, wakaitazama, wakamtazama Mama, wakapitiliza kwenye wali. Wamalawi nao wakafuata walikopita Wakongo. Mama alinyanyuka nusu, kisha akakaa tena. Alijua kwamba kuonja sasa, baada ya kutazamwa vile, kungekuwa kama kukiri.

Tulipoaga, shoga yake aliifunga sufuria kwa kitenge kilekile. Kwetu chombo cha mgeni hakirudi kama kilivyokuja. Hutolewa chakula, kikatiwa hata chumvi kidogo. Yeye aliirudisha ilivyo.

"Beba tu, dada," alisema, macho yake kwenye fundo la kitenge. "Batoto batakula."

Ningeweza kusema palepale kwamba mimi ndiye niliyemkataza. Wasichana walikuwa bado mlangoni, na sikusema. Garini nilingoja anigombeze, hata kofi ningelipokea kwa shukrani. Hakunigombeza.

Habari ilienea kambini, na watu wa sherehe hawakumwita tena. Kinu kikawa cha nyumbani tu. Nina watoto wangu sasa na bado naona aibu, lakini kinachoniliza si kile kinu. Ni tuliporudi siku ileile, jua bado halijazama, wadogo zangu wakaizunguka sufuria kwa njaa. Mama akaifunua. Akachota tonge la kwanza, akala polepole, akameza tukimwona. Hakuwa amewahi kutuonjea sisi, watoto wa tumbo lake.

"Sasa mukule, batoto," alisema, akanitazama mimi kwanza.