Vidole Vinne vya Ubao

Harufu ya rangi kuukuu ikisuguliwa kwa msasa na maji ya chumvi hunikera hadi leo. Nikiipata popote, hata nikipita nje ya gereji kule Shimanzi, narudi kwenye likizo ile ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi na minne, nimepiga magoti kwenye ngazi za mawe chini ya nyumba yetu, Mji wa Kale, nasugua tumbo la mashua ndogo ya tanga aliyoniachia mjomba wangu. Ilikuwa mashua ya watu wawili: mimi nilishika usukani, na Rukia, binti wa ami yangu, alishika kamba ya tanga. Baba, aliyekuwa akiendesha boti ya kuwapeleka marubani wa bandari kwenye meli, hakuupenda mchezo ule. Alisema msichana aliyekwisha kubaleghe hana la kutafuta majini mbele ya macho ya watu. Mama alimbembeleza siku tatu, ndipo akatoa sharti. Mwisho wa likizo kulikuwa na mbio za vijana kutoka kwetu hadi Daraja la Nyali na kurudi. Tukiwa miongoni mwa watatu wa kwanza, ningeendelea. Tukishindwa, mashua ingeuzwa, nami nisingetia mguu tena majini. Baba akishasema neno, harudii.

Kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Rukia alikuwa na simu iliyoonyesha mwendo, tukaitia katika mfuko wa plastiki na kuifunga mlingotini. Kila siku tulipotoka chuoni kusoma Kurani baada ya alasiri tulikwenda na upepo wa kusi mgongoni mpaka darajani, tukaandika kasi kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la hesabu, kisha tukashusha tanga na kurudi kwa makasia kuiwahi sala ya magharibi, bila kupima chochote. Tulibadilisha kitu kimoja tu kila siku, maana tulijiona wajuzi. Jumamosi hatukubadilisha kitu, na kasi ikawa ya kusikitisha. Jumapili tulisugua tumbo la mashua, ikapanda. Jumatatu Rukia alisogea mbele kidogo, Jumanne kidogo tena, na kila mara ikapanda. Jumatano nikachukua msumeno nikaukata ubao wa kuzamisha, ule unaoshuka katikati ya mashua na kuizuia isiteleze upande. Niliupunguza vidole vinne kamili, kwa hoja kwamba ubao mfupi hausumbuani na maji. Siku ile simu ilionyesha kasi ambayo hatujawahi kuiona, tukapiga vigelegele hadi wapita njia darajani wakainama kututazama.

Kosa letu naona haya hata kulitaja. Mtoto wa bara asingelifanya, maana angeyaogopa maji na kuuliza. Sisi tulilala tukiyasikia chini ya dirisha, tukadhani twayajua. Kujaa na kupwa kwa bahari huchelewa karibu saa nzima kila siku, nasi tulipima saa ile ile, kwa sababu chuo kilitutoa saa ile ile. Jumamosi tulikuta maji yakipwa, yakituvuta nyuma. Siku zilivyokwenda tukayakuta yamesimama, halafu yakijaa na kutubeba kuelekea darajani. Simu ilipima mashua na maji kwa pamoja, na sifa zote tukazipa akili zetu. Maji yakijaa hupwa: methali hiyo tuliiandikia insha shuleni, lakini haikunijia nilipokuwa na msumeno mkononi.

Siku ya mbio tulifika darajani wa pili, nikaanza kuota. Kurudi kulikuwa ni kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kukata huku na huku, na hapo ndipo ubao unapohitajika. Mashua ikaenda upogoupogo. Kila nilipoielekeza omo, pua ya mashua, nyumbani iliteleza kando, mkato baada ya mkato, tukajikuta karibu pale pale tulipoanzia. Wavulana wa mtaa wa Tudor walitupita mmoja mmoja, wengine wakitupungia mkono. Rukia alilia, mimi nilimlaani kila mtu moyoni, simu ikiwamo. Tulikuwa wa tisa, na kabla juma halijaisha mashua ikauzwa.

Siku hizi binti wa kaka yangu, mwenye miaka kumi na mitatu, anashindana bila kuwekewa sharti na mtu, na simu yake humwonyesha hata maji ya kesho. Mwezi uliopita nilimsikia Baba akimfundisha asipime mwendo kwa kwenda tu, bali apime kwenda na kurudi kisha agawanye kwa mbili. Nilipandwa na mori. Mtoto alipotoka nilimwuliza Baba kama miaka ile alikuwa akituona tukipima. Akajibu kwamba alituona kila siku kutoka dirishani. Nikamwuliza kama alijua kwamba ni maji.

"Nalijua, mwanangu," akasema. "Lau ningalikwambia, ungalishinda."

Alisema kwa upole, huku akitafuta miwani yake. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu akinyamaza, je? Nilitaka kumwuliza hivyo, lakini nikaenda kumtilia chai. Nina miaka thelathini, nalipa kodi ya nyumba yangu na hakuna anayenikataza kitu, lakini hadi leo sijui ile mashua yangu ilikuwa na kasi gani.