Dole la Bluu

Mie shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo maisha yangu yote nimetia dole badala ya saini. Mume wangu alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha saruji kule Wazo, na saini yake ilikuwa na mkia mrefu kama wa kenge. Alisainiaga kila kitu, hata kalenda ya jikoni siku tuliyobadilisha mtungi wa gesi. Siku moja tumekaa kibarazani na mdogo wake, akanitania: "Mie dole mtanitia nikiwa maiti." Tukacheka wote watatu.

Alifariki asubuhi, kitandani kwake, nyumbani kwetu Mtoni. Shemeji akaniambia nikawaarifu majirani, yeye atakaa na kaka yake. Niliporudi nilikuta mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Alichelewa kufungua, akasema alikuwa anamsomea Yasini.

Saa nne akaja mzee wa mtaani kwetu anayeoshaga maiti. Nilikuwa upande wa pili wa pazia, nampokeza maji. Akaomba ndimu, nikampa. Akaomba nyingine. Kisha akauliza polepole, kama anajiuliza mwenyewe, hospitali wamempaka nini huyu kwenye dole, mbona halitoki. Na hospitali tulikuwa hatujakanyaga mwezi mzima.

Baada ya arobaini wakaja wanaume wawili na futi ya kamba, wakaanza kupima uwanja wangu bila hodi. Mmoja akanieleza kwa upole kabisa kwamba nyumba imeuzwa, tena na mwenyewe. Akanionyesha karatasi. Picha ya mume wangu, muhuri wa mwenyekiti wetu wa mtaa wa wakati ule, saini ya wakili mmoja wa Manzese, shemeji kama shahidi, tarehe ya siku kumi kabla ya kifo. Na chini, dole la bluu.

Dole. Mwanamume yule wa kusaini hata kalenda.

Afande wa kike aliyeandika maelezo yangu polisi ndiye aliyenifundisha sheria, mie na darasa langu la nne. Alisema wezi wa namna hii hawavunji mlango, wanavaa tai. "Karatasi ya kughushi, mama, inajisemea uongo yenyewe. Inakwambia nimetiwa dole na fulani, siku fulani, kumbe sivyo." Nikajua basi, wakilipima tu wameumbuka. Majibu ya mtaalamu yakarudi: dole ni la marehemu, halina shaka.

Nilikaa kwenye benchi la kituo. Shemeji alijitetea kwamba kaka alikuwa hoi, hawezi kushika kalamu. Afande akaniambia bila mtu wa kuonyesha dole lilitiwa siku gani, nyumba imekwenda. Hapo ndipo zile ndimu ziliponirudia.

Nikamwendea mzee. Shikamoo, marahaba, akanikaribisha kahawa. Nilipotaja dole akaweka kikombe chini. Mwosha maiti hasimulii alichokiona, hata mkewe hajawahi kumsikia.

"Mwanangu, zile ni siri za marehemu."

"Mzee wangu, marehemu hana aibu hapo. Aibu ni ya aliyemshika mkono keshakufa, akamtia wino."

Wiki tatu nzima akawa ananisalimia kwa mbali.

Siku ya kesi nilimwona anaingia na kofia yake nyeupe. Akaapa. Akasema vidole tisa vilikuwa safi, cha kumi kilikuwa na wino mbichi, ukachafua kitambaa chake cha kuoshea. "Wino wa siku kumi," akasema, "hauchafui kitambaa." Kisha akaomba radhi, hakimu akamuuliza anamwomba nani. Mzee akasema anamwomba marehemu.

Shemeji na mwenyekiti wakafungwa. Wakili alidai alidanganywa kama wengine, akaachiwa. Ofisi yake iko pale pale Manzese, mabasi ya mwendokasi yanapita mbele, na tukikutana ananiamkia vizuri tu. Mie siitikii.

Nyumba ninayo. Nakala ya ile karatasi ninayo pia, sandukuni chini ya kanga. Kila nikiitoa naikumbuka ile siku ya kibarazani. Tulicheka watatu, ndiyo. Lakini shemeji alinyamaza kabla yetu, akawa anautazama mkono wa kaka yake.