Nchi ya Ahadi Iko Ng'ambo ya Kijito

Dhahabu ilipoonekana kwenye mpaka wetu na ukoo wa ng'ambo ya kijito, si mbali na kijiji cha Nyakunguru, mchungaji wetu aligundua kwamba sisi ni Waisraeli. Kabla ya hapo tulikuwa wakulima wa mihogo wenye ng'ombe wachache. Duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu lisilozidi zizi kwa upana, likatosha kuwa nchi ya ahadi.

"Mungu ametupa duara lile!" alitangaza madhabahuni, na wanaume wakapeleka pinde na mapanga mbele yapakwe mafuta ya upako. Yalikuwa mafuta ya alizeti, chupa niliiona.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nina maswali. Baada ya ibada nikamfuata.

"Shikamoo, mchungaji. Wale wa ng'ambo nao ni dhehebu letu hili hili. Nasikia nao wamepaka."

"Marahaba. Wao wamepaka mafuta, kijana. Sisi tumepaka imani."

"Sasa Mungu atajuaje upinde upi ni wa nani?"

"Chuoni walikufundisha kuuliza tu? Kujibu hawafundishi?"

Watu wakacheka. Kaka yangu alicheka kuliko wote, upinde wake uking'aa begani.

Mama hakucheka. Dada yetu aliolewa ng'ambo, na mumewe alisifika kule kwa kulenga mishale. Kaka angevuka, yeye au shemeji angerudi nyumbani amebebwa.

Asubuhi ya vita jeshi lilishuka kijitoni likiimba mapambio. Nilikwenda nyuma ya kaka nikimsihi arudi; akazidisha sauti ya kuimba ili asinisikie.

Kwenye kivuko tukakuta akina mama watu wazima wa ng'ambo wameketi kwenye mawe, upande wetu. Mama na wenzake walikuwa wamepatana nao alfajiri: wa kule waje huku, wa huku waende kule.

Kwetu mwanaume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona njiani huingia porini mpaka apite. Na sisi tunaoa kwao, wao wanaoa kwetu.

Mchungaji, aliyetangulia na chupa yake, ndiye aliyeruka kichakani kwanza.

"Baba wa wajukuu zangu," mama mmoja akaita, "toka huko kwenye miba! Mimi ni Mkanaani tu, siumi!"

Kaka akafuata, kichwa chini, upinde ukinasa matawi. Jeshi la Bwana likajibanza vichakani kusubiri wakwe wapite. Wakwe hawakupita. Walikuwa wamekuja na ugali wao.

Jua lilipokuwa kali, kaka alirudi nyumbani kwa kupitia mashambani, mzima, amenuna.

Jumapili mchungaji alimshukuru Mungu kwa ushindi usio na damu. Waumini wakaitika amina. Nikageuka nimwone mama. Nafasi yake ilikuwa wazi. Alikuwa amevuka kumpelekea dada ndizi, na shemeji, nilisikia baadaye, alishinda porini mpaka jioni.