Mkia wa Barabara ya Mkato

Jina la Mama Nukta hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa ukaidi, tena kazini, kwenye kituo cha kuchanganya zege. Alipoajiriwa aliwekwa kwenye kibanda cha getini aandike lori limetoka saa ngapi na limerudi saa ngapi. Ilikuwa kazi ya kusinzia, na waliomtangulia waliisinzia vizuri sana. Yeye akachukua karatasi ya miraba, akapanga dakika chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Kila lori lilipofika kwenye ujenzi dereva alimpigia simu, naye akatia nukta moja juu ya dakika zake. Safari zilizolingana zikapandana. Mwaka ulipokwisha karatasi zilikuwa zimeota vilima, na madereva walikuwa wamepata la kuchekea.

"Mama, leo umenitia wapi?"

"Katikati ya wenzako. Kaa humohumo."

Hata mumewe hakusalimika. Bwana huyo alikuwa fundi wa redio, na kila jioni alipiga simu kusema, "Mama watoto, niko njiani." Mama Nukta akamfungulia karatasi nyuma ya mlango wa jikoni. Miezi sita baadaye ilionekana wazi kwamba "niko njiani" mara nyingi ni dakika ishirini, ila akikutana na rafiki huwa ni saa mbili. Ugomvi wa kumngoja mezani ukaisha siku hiyo. Watoto wakawa wanakula kwa wakati, na fundi wa redio akajifunza kupasha chakula chake mwenyewe.

Kazi yake ikaonekana, akatolewa kibandani akawa mpangaji wa safari za malori. Hapo ndipo nukta zilipopata maana, kwa sababu zege halina subira. Likishachanganywa lina dakika tisini tu. Zikipita, msimamizi wa ujenzi analikataa, na lisipomwagwa upesi linaganda ndani ya pipa la lori.

Kisha akaletwa meneja mpya, kijana mwenye viatu vya kung'aa na hesabu za harakaharaka. Wiki yake ya pili kulikuwa na kazi kubwa: kumwaga slabu, sakafu ya zege ya wodi ya wazazi, malori kumi na mawili, moja nyuma ya jingine bila kukatika. Zege jipya likikuta la zamani limeshaganda, hapo ndipo ufa unapoanzia.

"Barabara ya mkato wastani wake ni dakika arobaini," meneja alisema. "Barabara ya kuzunguka ni hamsini na tano. Sasa mama, kwa nini umeyazungusha yote?"

Mama Nukta akamtandikia karatasi mbili mezani. Ya kuzunguka ilikuwa na kilima kinene kilichojikusanya, na safari mbaya kuliko zote ilikuwa dakika sitini na nane. Ya mkato ilikuwa na kilima kizuri kule kwenye thelathini, halafu ikaburuta mkia mrefu wa nukta mojamoja hadi ukingoni.

"Mkato unavuka reli," alisema. "Treni ya mizigo ikisimama pale, haina haraka na mtu. Katika safari mia, tisa zinapita dakika tisini. Ukituma malori kumi na mawili, tarajia moja kukataliwa."

"Lakini wastani..."

"Wastani hauendeshi lori, bosi."

Meneja hakupenda. "Sawa. Yapitishe unakotaka. Lakini slabu ikiharibika, kesho yake unarudi getini."

Mama Nukta akapiga moyo konde, akasaini. Usiseme hakuogopa, aliogopa sana. Kazi ile aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na kile kibanda alikijua hadi misumari yake.

Siku ya kumwaga, simu zikaanza kuingia. Hamsini na mbili. Hamsini na sita. Hamsini na tano. Lori la saba likatumia sitini na moja, Mama Nukta akasimama, akakaa, akasimama tena. Lori la kumi na mbili lilipofika, msimamizi wa ujenzi alipiga mwenyewe. "Mama, miaka yote naimwaga slabu huku nimeshika kichwa," akasema. "Leo nimeimwaga nimekaa kwenye kiti!"

Furaha hiyo haikuchukua hata saa moja. Meneja aliingia akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Nimetoka huko. Slabu nzuri, sibishi. Ila mimi nimepita mkato: dakika thelathini na moja. Reli ilikuwa wazi siku nzima. Umeunguza mafuta bure, mama."

Mama Nukta akachukua kalamu, akaivuta karatasi ya mkato, akatia nukta juu ya thelathini na moja.

"Unafanya nini?"

"Naandika safari yako."

"Lakini hiyo inaniunga mkono mimi."

"Imetokea, bosi. Nisipoandika zinazonipinga, hizi nyingine zote ni porojo."

Meneja akainama juu ya meza. Kidole chake kikashuka kutoka kilimani, kikafuata mkia hadi nukta ya mwisho, peke yake kwenye mia na arobaini. "Na hii?"

"Muulize mwenyewe. Huyo hapo."

Mlangoni alikuwa amesimama dereva wa lori la saba, mtu mzima, kaja kurudisha funguo. Ilibidi waulize mara mbili.

"Aa, hiyo!" akacheka. "Treni ilinisimamia mbele. Zege likaganda kwenye pipa, nikaingia humo na mashine ya kuvunjia, siku tatu. Ndani ya chuma, bosi, kelele haina pa kutokea. Sikio la kushoto lilibaki humohumo."

Alicheka peke yake. Meneja akaitazama tena ile nukta.

"Mimi nilidhani ni dakika," akasema.

"Ni dakika," Mama Nukta akajibu. "Na ni yeye."

Meneja akaweka funguo zake mezani. Akamzunguka dereva taratibu, akasimama upande wa sikio la kulia.

"Mzee," akasema, "kesho kuna malori sita. Pita anakokupangia mama."